Ukipotea Bujumbura, uliza Rwagasore

Na Mwandishi Maalumu, Kabonga

JUMATATU moja ya mwezi wa Oktoba, kabla kengele ya shule haijagongwa, mama mmoja muuza ndagala alinisubiri mlangoni mwa darasa langu hapa Kabonga. Namfahamu siku nyingi. Hununua ndagala alfajiri kwa wavuvi, huwaanika, kisha huvuka nao Kagunga upande wa Tanzania, na akirudi hubeba sabuni, chumvi na vyombo vya plastiki. Siku hiyo hakuwa na ungo wala mzigo. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kushika bahasha kubwa ya kaki.

"Mwalimu, keshokutwa nakwenda Bujumbura," aliniambia. "Sijawahi kufika. Nielekeze."

Ndani ya bahasha zilikuwemo karatasi za shule za kijana wake, aliyesomea katika kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, na kurudi na mama yake mwaka 2019. Kijana anataka kuendelea na masomo, na ameambiwa karatasi hizo zithibitishwe kwanza mjini. Nilimjibu kwa maneno ya marehemu baba yangu: "Ukipotea Bujumbura, uliza Rwagasore."

Mama yule akatikisa kichwa. "Sawa. Huyo Rwagasore ana duka gani?"

Nilicheka, naye akacheka kwa kuwa nimecheka. Lakini nilipoingia darasani swali lile lilinifuata. Sisi tuliozaliwa au kukulia ng'ambo ya ziwa tumerudi na majina mengi tusiyoyajua vizuri. Na kwa kweli mama yule hakuwa mbali sana na ukweli. Mtu aliyepewa barabara ile alianza kwa kuwakusanya wenye maduka.

Ramani ya mchangani

Nilizaliwa Mishamo mwaka 1979, mwaka mmoja baada ya makazi hayo ya wakimbizi kufunguliwa katika wilaya ya Mpanda, wakati huo mkoa wa Rukwa. Wazazi wangu walitoka Nyanza-Lac mwaka 1972, baada ya vurugu zilizoanza Aprili 29 huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata nchi nzima. Walipita ziwani usiku kwa mtumbwi, wakiambaa pwani mpaka Kigoma. Yaliyowapata njiani mama hakuyasimulia hata siku moja, na mimi sikumlazimisha.

Baba yeye alisimulia, ila si habari za kukimbia. Alisimulia barabara. Kabla ya 1972 alikuwa tanboi wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi lililobeba mawese kutoka Rumonge kwenda Bujumbura. Jioni, tukishamaliza kazi za shamba, alichukua kijiti akachora mstari mrefu mchangani. Upande mmoja ni ziwa, upande wa pili ni milima. Kisha akachoma vitundu: hapa Nyanza-Lac, hapa Rumonge, Minago, Magara, Gitaza, Kabezi, Mugere, Kanyosha. Mwisho wa mstari alichora mwingine mfupi na mnene, uliokatwa na vijistari vingi.

"Hapa ndipo unafika. Hii ndiyo Shosee Rwagasore," alisema. "Ukipotea Bujumbura, uliza Rwagasore. Hakuna asiyeijua."

Tulikuwa watoto sita na sote tuliijua barabara hiyo kabla ya kujua kusoma. Shuleni tulifundishwa mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili, tukaimba habari za Uhuru na Azimio la Arusha, tukachora ramani yenye Kilimanjaro na Rufiji. Nyumbani tulikuwa na ramani ya pili, ya mstari mmoja tu, ambayo mvua iliifuta na baba akaichora tena.

Nilikuja kuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa cheti cha Tanzania. Mkataba wa Arusha ulikwisha kusainiwa Agosti 28, 2000, na miaka iliyofuata watu wakaanza kurudi kwa makundi. Zamu yetu sisi wa 1972 ilikuja 2008. Tuliulizwa kila familia: kubaki na kuomba uraia, au kurudi? Waliobaki na baadaye kupewa uraia wa Tanzania walikuwa zaidi ya 160,000. Dada zangu wawili wamo katika hesabu hiyo. Baba alisema anarudi, na mimi na mume wangu tukamfuata.

Shamba tulikuta lina watu. Wenzangu wa Rumonge na Nyanza-Lac hawahitaji niwaeleze hilo, kila mmoja analo lake. Sisi tuligawana nusu kwa nusu na waliokuwemo, na mpaka leo tunasalimiana.

"Mama, umeikanyaga"

Mwaka 2009 nilifunga safari yangu ya kwanza kwenda Bujumbura, nikiwa na bahasha kama ile ya mama wa ndagala. Cheti changu cha ualimu kilikuwa cha kigeni. Bila karatasi ya kukilinganisha na cha hapa, ningefundisha kwa malipo ya kuokoteza au nisifundishe kabisa.

Barabara ya ziwani, ambayo kwenye vibao ni RN3, niliipita huku nikihesabu vitundu vya baba. Kila kimoja kilikuwepo mahali pake. Rumonge na michikichi yake. Minago. Magara. Gitaza, ambako milima inakaribia kuisukuma barabara ziwani. Mwaka 2015 ilitelemka kweli ikafunga njia na kuua watu. Pale Mugere, kiasi cha kilomita kumi kabla ya mji, abiria mmoja alinionyesha juu kilimani liliko jiwe la Livingstone na Stanley, akaniambia ndipo walipokutana. Ualimu ukanishinda, nikamsahihisha: walikutana Ujiji, hapa walipita pamoja Novemba 1871 wakichunguza upande wa kaskazini wa ziwa. Hakupendezwa. Tulimaliza safari bila kuongea.

Nilishuka katikati ya mji, kelele zikanizunguka. Nikamshika mkono kijana mmoja aliyekuwa akiuza kadi za simu nikamuuliza, Rwagasore iko wapi? Alitazama miguu yangu.

"Mama, umeikanyaga."

Msomaji ambaye hajafika asitegemee ajabu. Chaussée Prince Louis Rwagasore, kama inavyoandikwa, ni barabara ya lami ya katikati ya mji, si mbali na Uwanja wa Uhuru, yenye mabenki, maduka ya simu, maduka ya dawa, wabadilisha fedha, ofisi ghorofani na watu wengi kuliko kivuli. Makao makuu ya benki ya BANCOBU yako hapo. Soko kuu la zamani lilikuwa hatua chache tu. Ukiwa Mrundi wa kijijini na umekuja mjini kwa jambo lolote la pesa au karatasi, ni vigumu kulimaliza bila kuikanyaga. Na mitaa inayoizunguka inasomeka kama daftari la historia: Boulevard de l'UPRONA, Avenue du 18 Septembre, Boulevard Patrice Lumumba.

Mimi nilisimama pale nikitafuta mstari mnene wa mchangani. Nakiri kwamba nililia kidogo. Kijana wa kadi akadhani nimeibiwa.

Katika ofisi moja niliyoelekezwa, karani alinisemesha Kifaransa. Nilimjibu kwa Kirundi changu cha Mishamo, kizito na chenye Kiswahili ndani yake. Aligeuza cheti changu huku na huku, akasema karatasi zote zitafsiriwe kwa Kifaransa, kisha akaongeza kwa Kirundi, bila ukali lakini mbele ya watu, kwamba hapa si Tanzania.

Sentensi hiyo kila mrejea ameisikia. Ng'ambo tulikuwa "Warundi", hapa ni "Watanzania", na ushahidi unaotolewa pande zote mbili ni ulimi wetu. Nilitoka nimeinamisha kichwa. Mlinzi wa mlangoni, mtu mzima, akaninong'oneza kwa Kiswahili safi kabisa: "Dada, nenda Buyenzi. Kuna wazee wanatafsiri, na hawatakuumiza bei."

Mwana wa mfalme na wachuuzi

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili. Upo tangu enzi za Wabelgiji, pamoja na Bwiza ambayo wazee bado wanaiita Belge. Mji wenyewe ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ukaitwa Usumbura, Wabelgiji wakauchukua mwaka 1916 na kuufanya makao ya utawala wao wa Ruanda-Urundi. Askari, wapagazi, wachuuzi na mafundi waliokuja kutoka Ujiji, Manyema na pwani ndio waliofanya Kiswahili kiwe lugha ya mji. Hiki si kitu tulichokuja nacho sisi kwa malori ya 2008.

Mzee aliyenitafsiria alikuwa na mashine ya chapa kibarazani kwake. Alipiga herufi kwa vidole viwili, polepole, na kati ya mstari na mstari alizungumza. Nilipomweleza yaliyonipata, akaacha mashine.

"Wewe umetoka Rwagasore ukalia kwa sababu ya Kiswahili? Mwanangu, Rwagasore mwenyewe alikuja kututafuta humu humu Buyenzi. Unafikiri alizungumza nini na wazee wetu?"

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma habari za mtu huyo, na tangu hapo namfundisha darasani kwa namna yangu. Louis Rwagasore alizaliwa Gitega Januari 10, 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, ambayo baadaye iliitwa Butare, Rwanda, kisha akapelekwa Ubelgiji, Antwerp. Aliporudi, kijana wa ikulu aliyetarajiwa kukaa na watawala, alikwenda kwa wachuuzi. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi ili wenyeji wanunue na kuuza kwa pamoja bila kuwategemea wageni walioshika biashara ya mji. Ushirika ule haukwenda vizuri, uliingia kwenye madeni, na utawala wa Wabelgiji haukuupenda tangu mwanzo. Nawaambia wanafunzi wangu hivyo hivyo, kwa sababu nao mama zao wana vikundi vya kuweka na kukopa vilivyokufa.

Lakini watu aliowapata humo hawakumwacha. Waswahili wa Buyenzi na Bwiza walikuwa miongoni mwa wafuasi wa mwanzo wa chama chake cha UPRONA mjini. Ng'ambo, Nyerere na TANU walimuunga mkono. Wabelgiji walimweka kizuizini Bururi mwaka 1960 wakati wa uchaguzi wa tarafa, na chama chake kikashindwa. Mwaka uliofuata, Septemba 18, 1961, katika uchaguzi wa bunge uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Hiyo ndiyo "18 Septembre" ya kibao cha mtaani. Akawa waziri mkuu mwishoni mwa mwezi huo.

Oktoba 13, 1961, akiwa mezani kwa chakula cha jioni katika hoteli Tanganyika, kando ya ziwa hili hili letu, alipigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 29. Aliyefyatua, Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis, alinyongwa au alipigwa risasi? Wanafunzi huniuliza kila mwaka. Alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Siku iliyofuata Burundi ikawa huru, Usumbura ikawa Bujumbura na mji mkuu wa nchi. Rwagasore amezikwa Vugizo, juu ya kilima kinachoutazama mji. Sura yake wengi wetu tumeishika mikononi bila kuiangalia, katika noti ya 10,000, pamoja na ya Rais Melchior Ndadaye aliyeuawa Oktoba 21, 1993.

Oktoba ni mwezi mzito kwetu. Wafanyabiashara wa mpakani wanaujua kwa njia nyingine: tarehe 13 Burundi ni sikukuu ya Rwagasore, tarehe 14 Tanzania ni siku ya Nyerere, aliyefariki 1999, na tarehe 21 Burundi tena, ya Ndadaye. Mwenye mzigo wa kuharibika asipoangalia kalenda, anaoza nao katikati ya marehemu watatu.

Nimewahi pia kufika Dar es Salaam, wakati wa kutafuta cheti changu, nikatembea mtaa wa Samora. Wajerumani waliuita Unter den Akazien, Waingereza wakauita Acacia Avenue, baada ya uhuru ukawa Independence, na baadaye ukapewa jina la Rais Samora Machel, aliyekufa kwa ajali ya ndege Oktoba 1986, Oktoba tena. Pale kwenye mnara wa Askari, uliosimamishwa 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann, kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Nakumbuka niliyasoma ya Kiswahili mara mbili, kwa sababu tu niliweza.

Tafsiri ya mzee wa Buyenzi ilikubaliwa. Safari ya kwanza niliambiwa nisubiri, ya pili nikakuta faili halionekani, ya tatu nikapata karatasi. Nauli zilikuwa zimekula mbuzi wawili.

Baba arudi kwenye mstari wake

Julai 2012, shule zikiwa zimefungwa, nilimpeleka baba. Alikuwa ameahirisha kwa miaka minne akisema kwanza shamba liishe. Alivaa koti na viatu vya kufunga. Njia nzima alikuwa mbele ya dereva: kabla hatujafika kona, yeye ameshaitaja.

Tulipofika aliniachia mkono. Alitembea peke yake upande wa kushoto, akihesabu kwa midomo, kisha akasimama mbele ya duka la simu. "Hapa," alisema. "Tajiri alikuwa anakaa pale ndani, mimi nashusha bidoni hapa." Kijana wa duka, akiogopa mzee anazuia wateja, akamwambia kwa Kirundi asogee. Baba akamjibu kwa Kiswahili, kwa adabu zake za zamani, kwamba anaomba dakika moja tu, mahali hapa alipafanyia kazi kabla baba yake kijana hajaoa. Kijana akajibu kwa Kiswahili vilevile: "Karibu, mzee wangu. Kaa." Akatoa kiti cha plastiki.

Baba alikaa pale nusu saa nzima akitazama watu. Mimi nilikwenda sokoni kununua daftari za shule. Tulipoondoka hakusema kitu mpaka Kabezi.

Miezi sita baadaye, Jumapili Januari 27, 2013, redio ikatangaza kuwa soko kuu la Bujumbura linaungua. Lilianza asubuhi, wenye vibanda hawapo, na magari ya zimamoto hayakutosha. Zikaja hata helikopta kutoka Rwanda. Mpaka moto unazimika, mali za maelfu ya watu zilikuwa zimekuwa majivu, na wengi wao walikuwa na mikopo ya benki iliyofunguliwa kwa dhamana ya vibanda vile vile. Hapa Kabonga na Rumonge nzima watu waliguswa: mawese yetu, ndagala wetu, vitenge vya Kigoma, vyote viliishia pale. Baba aliuliza kama lile duka la simu lipo bado. Nikamwambia moto haukufika mtaani. Akasema, "Basi yule kijana amepona," akazima redio.

Mwaka 2015 misukosuko ya siasa ilipoanza mjini, watu walipita tena mlangoni kwetu na magodoro kichwani kuelekea Kagunga. Maelfu kwa maelfu walijazana kwenye ufuo ule mwembamba, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawabeba kwenda Kigoma. Mume wangu alifunga vitu. Baba alikataa. "Ziwa nimelivuka mara mbili," alisema, "mara ya tatu mtanivusha maiti." Tulibaki. Alifariki mwaka uliofuata, usingizini, na amezikwa katika ile nusu ya shamba iliyo yetu.

Barabara bila mji mkuu

Januari 2019 Gitega ikafanywa mji mkuu wa kisiasa na Bujumbura ikabakia mji mkuu wa kiuchumi. Mwaka huo huo uwanja wa mpira uliokuwa na jina la Rwagasore ukaitwa Intwari, yaani mashujaa. Barabara haikubadilishwa jina. Niliulizwa na mwanafunzi kama sasa Rwagasore itahamishiwa Gitega. Nikamwambia mwenyewe alizaliwa Gitega, ila barabara haibebeki.

Kwa mfanyabiashara mabadiliko makubwa ni mengine. Soko kuu halikujengwa upya kama lilivyokuwa. Wauzaji walitawanyika, wengine Ruvumera pale Buyenzi, wengine kwa Siyoni, na mwenye mzigo kutoka huku hana tena mahali pamoja pa kushushia. Machi 2022 pikipiki, tukutuku na baiskeli zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, hivyo aliyeshuka pembeni alibeba kichwani au alilipa teksi. Uhaba wa mafuta wa miaka hii umefanya nauli ya RN3 iwe bei ya siku hiyo na ya dereva huyo. Na Juni 2023, noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zilipoondolewa na watu kupewa siku kumi tu za kuzipeleka benki, wapo akina mama wa Kabonga waliokuwa ng'ambo na fedha zao kiunoni. Walikimbia kurudi. Si wote waliowahi.

Yote haya nilitaka kumwambia mama wa ndagala, lakini wanafunzi walikuwa wananingoja na yeye alikuwa na gari la kuwahi. Nilimweleza yaliyo muhimu. Afike Jumatano asubuhi, siku mbili za mapumziko zisimkute njiani. Karatasi azitengeneze nakala kabla ya kuingia ofisi yoyote, na za asili asimwachie mtu bila kuandikiwa. Akisemeshwa Kifaransa asitetemeke, ajibu Kirundi, na Kirundi kikikwama ajibu Kiswahili. Lugha hiyo sasa inafundishwa katika shule za msingi za nchi hii, na mimi ni mmoja wa wanaoifundisha. Akihitaji tafsiri aende Buyenzi. Mzee wangu wa mashine ya chapa hayupo tena, lakini kazi ile vijana wanaifanya kwa kompyuta.

"Na huyo Rwagasore?" aliuliza. "Nimtafute kweli?"

Nilichana karatasi ya daftari nikamwandikia kwa herufi kubwa, kama zilivyo kwenye kibao: CHAUSSÉE PRINCE LOUIS RWAGASORE. Chini yake nikaandika: barabara ya Rwagasore. Akaisoma kwa kidole. Sijui kwa nini, nikaichukua tena, nikachora mstari mrefu pembeni, ziwa huku, milima huku, na vitundu vinane, kuanzia Nyanza-Lac.

Alirudi Jumamosi. Karatasi za kijana zimepokelewa, ameambiwa arudi Novemba. Ramani yangu ilikuwa imelowa mafuta ya maandazi.

"Nimefika mpaka pale mwisho wa mstari," alisema. "Lakini hukuniandikia choo kiko wapi."